Re: Wanachuo hawatumii teknolojia wakienda mazoezi ya kufundisha

Assalamu aleikum Mwalimu. Umesema wanachuo wako wanatengeneza slaidi nzuri chuoni, lakini wakifika skuli za msingi huko Micheweni, Pemba, kompyuta inabaki mkobani. Kwanza kaangalie soketi za darasani kama zina umeme. Niliwahi kumgombeza kijana kwa uvivu, kumbe darasa lake halikuwa na hata waya, iliniuma sana.

Tangu hapo nawazoesha wanachuo wangu kutumia simu zao wenyewe na spika ndogo ya kuchaji. Kioo cha simu darasa zima haliwezi kukiona, kwa hiyo tunategemea sauti: wimbo wa kuhesabu wa Ubongo Kids, katuni za elimu za watoto, umepakuliwa jana yake, dakika tatu tu, kisha watoto wahesabu kokoto. Wanachuo wajaribu kwanza mbele ya wenzao chuoni, intaneti ikiwa imezimwa.