Grafu ya hi-fi sebuleni: kipi ni cha spika, kipi ni cha chumba

SWALI: Bwana mhandisi, ninaishi Ibanda, hapa Bukavu. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2, upana wa mita 3.6 na dari ya mita 2.8, kuta ni za matofali yaliyopigwa plasta na sakafu ni ya simiti. Spika mbili za kusimama zipo kwenye ukuta mfupi, na kiti changu kiko kama mita moja kutoka ukuta wa nyuma. Nikisikiliza rumba, noti moja ya chini kabisa ya gitaa la besi huvuma kuliko nyingine zote. Nimecheza kelele ya waridi na kuipima kwa programu ya simu. Grafu inaporomoka chini ya hezi 100, ina shimo la desibeli 15 hivi baada tu ya hezi 80, kisha upande wa kulia inateremka polepole hadi desibeli 20. Je, twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zimekufa? Ninafikiria kununua ekwalaiza (kifaa cha kupandisha na kushusha masafa) ya vitelezi 31 ili ninyooshe yote.

JIBU: Ndugu yangu, hiyo pesa ya ekwalaiza iache mfukoni kwanza. Twita zako huenda ni nzima kabisa, na katika hayo matatu unayoyaona kwenye grafu, mawili hayatokani na spika wala na chumba, bali na namna ulivyopima.

Nianze na mteremko wa kulia. Kelele ya waridi ni ile ambayo kila okteva (hatua ya masafa kuongezeka maradufu) hubeba nishati sawa na nyingine, na kwa kuwa okteva za juu ni pana zaidi kwa hesabu ya hezi, nishati hiyo hutawanyika kadiri unavyopanda. Programu inayogawa masafa katika vipande vya upana sawa wa hezi itaionyesha ikishuka desibeli 3 kwa kila okteva, hata kama spika haina kasoro yoyote. Kutoka hezi 100 hadi 12,800 kuna okteva saba, yaani desibeli 21. Ndiyo hiyo 20 yako. Badilisha mpangilio wa programu ili isome kwa theluthi ya okteva, na sehemu kubwa ya mteremko itatoweka. Itabaki kiasi kidogo, nacho ni halali: spika iliyo nyoofu katika chumba kisicho na mwangwi huonyesha mteremko mdogo wa sauti za juu ikipimwa kwenye kiti sebuleni, kwa sababu kuta na mapazia hunyonya sauti za juu, na spika zenyewe huzielekeza mbele zaidi kuliko besi. Anayezipandisha ili grafu inyooke kama rula hujitengenezea sauti kali inayochosha masikio.

Kwa kuporomoka chini ya hezi 100, ninaishuku simu. Maikrofoni za simu zimeundwa kwa mazungumzo, na nyingi huchuja besi ili kupunguza upepo na mitetemo, tena hujirekebishia kiwango zenyewe bila kukuuliza. Simu inafaa kulinganisha kabla na baada ya kusogeza kitu, mahali palepale na kwa sauti ileile. Haifai kukuambia besi yako ni kiasi gani.

Kwa kipimo cha kuaminika unahitaji maikrofoni ya kupimia ya USB inayokuja na faili lake la urekebishaji (linalosahihisha kasoro za maikrofoni yenyewe), kama UMIK-1 ya miniDSP, pamoja na kompyuta yenye programu ya Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bure. Badala ya kelele, programu hii hucheza mlio mmoja unaopanda kutoka besi hadi sauti za juu kabisa, kisha huutenganisha na kelele nyingine kwa hesabu. Weka maikrofoni kwenye stendi, kwenye kimo cha masikio yako ukiwa umeketi, wala usiishike mkononi. Ukiielekeza darini tumia faili la nyuzi 90, ukiielekeza kwenye spika tumia la nyuzi 0. Zima vidhibiti vya besi na trebo pamoja na kitufe cha "loudness", panga sauti ifike desibeli 75 hivi kitini, kisha pima spika moja, halafu ya pili, halafu zote mbili.

Chagua pia saa. Mvua juu ya mabati itaharibu kipimo chote, na jenereta ya jirani ni mbaya kuliko unavyodhani. Jenereta ndogo ya petroli inayozunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50 kwa kawaida huwasha mafuta mara 25 kwa sekunde, kwa hiyo kelele yake huangukia hezi 25, 50, 75 na kuendelea, yaani katikati ya eneo unalotaka kulichunguza.

Sasa tuje kwenye shimo, ambalo ni la kweli. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde katika nyuzi joto 20. (Kuwa kwetu mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari hakubadilishi hesabu hii, kwani mwendo wa sauti hewani hufuata joto, si wepesi wa hewa.) Gawanya 343 kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8.4, upate karibu hezi 41: hilo ndilo wimbi la kwanza linalosimama kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma, yaani sauti inayodunda kati ya kuta hizo ikajaa mahali pamoja na kujifuta pengine. La pili liko karibu na hezi 82. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni E ya hezi 41.2, ndiyo inayovuma kwako. E ya okteva inayofuata ni hezi 82.4, na wimbi la pili lina utupu wake, yaani mahali linapojifuta, hasa kwenye robo ya urefu wa chumba, sentimita 105 kutoka ukutani, mahali ulipoweka kiti. Mpiga besi akiruka kutoka E moja hadi nyingine, wewe unasikia ya kwanza ikijaa sebule nzima na ya pili ikipotea.

Ekwalaiza haiwezi kuliziba shimo hilo. Ukipandisha sauti ya moja kwa moja, ile inayorudi kutoka ukutani na kuifuta hupanda nayo kwa kiasi kilekile. Tena desibeli 15 ni nguvu ya mara 32: palipotosha wati 2, amplifaya itadaiwa wati zaidi ya 60, na spika ndizo zitakazoumia.

Sogeza kiti mbele kwa sentimita 35, kifike theluthi ya urefu wa chumba, yaani mita 1.4 kutoka ukuta wa nyuma. Kwa hesabu, wimbi la hezi 41 litapungua hapo kwa desibeli 3 hivi, na lile la 82 litarudi kusikika. Pima tena kila baada ya sentimita 10, kwa sababu milango, madirisha na samani huvuruga hesabu kidogo. Kilima kikibaki kwenye hezi 41, hapo ndipo ekwalaiza inafaa, lakini iwe ya kuchagua masafa na upana, ipunguze kilima hicho tu. Vitelezi 31 vina upana usiobadilika na vitagusa noti za jirani.

Chumba cha ukubwa huu chenye kuta ngumu hutawaliwa na mawimbi ya namna hii hadi kwenye hezi 240 hivi. Chini ya hapo tazama grafu bila kuilainisha. Juu yake ilainishe kwa moja ya sita ya okteva, la sivyo utapoteza jioni nzima ukifukuza meno madogo ambayo sikio halitayasikia.

Ukishapima upya, nitumie faili lenyewe la programu badala ya picha ya skrini, pamoja na umbali wa kila spika kutoka ukuta wa nyuma yake na wa pembeni.