Mwenyekiti anasema tunyamaze

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mhasibu wa SACCOS moja hapa Moshi. Tuna wanachama wapatao 600, wengi wakulima wa kahawa. Wiki iliyopita karani wetu alifungua barua pepe iliyojifanya imetoka benki, akaandika nywila yake. Baada ya siku mbili tukakuta orodha ya wanachama imepakuliwa: majina, simu, namba za NIDA, salio. Mwenyekiti anasema tunyamaze, wasije wakakimbilia kutoa akiba. Nifanyeje?
Mhasibu, Moshi

JIBU: Marahaba dada. Mwenyekiti namwelewa, ila kwa hili amekosea, na kila siku mnayonyamaza inamfaa mwizi. Mfikirie bibi wa Kibosho anayepigiwa simu na mtu anayemtaja majina yake matatu, anayejua NIDA yake na salio lake hadi shilingi ya mwisho, kisha anamwambia atume hela kidogo ya kuhuisha akaunti. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ameshazoea kuufuta. Huyu atamwamini, labda muwe mmewahi kumtahadharisha.

Nasema kwa uchungu. Niliwahi kufanya kazi ofisi ya utalii hapa Arusha, barua pepe yetu ikaingiliwa. Bosi akasema tusubiri msimu uishe. Wiki ya tatu mgeni akatumiwa ankara yenye nembo yetu na akaunti ya benki isiyo yetu, akalipa safari nzima ya Serengeti. Tulijua alipotuandikia kuuliza ratiba. Sikuwa na la kumjibu. Hata wakubwa huchelewa: Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, iligundua wizi tarehe 29 Julai 2017, ikatangaza 7 Septemba, na waliochukuliwa taarifa zao walikuwa watu milioni 147 hivi.

Leo hii badilisheni nywila zote, kwa kompyuta nyingine. Kompyuta ya karani itoeni kwenye intaneti, lakini fundi akitaka kuifuta aanze upya, mkatalieni. Ushahidi umo humo. Na karani msimfukuze! Ndiye anayekumbuka alibonyeza nini, saa ngapi. Kaeni naye muandike yote.

Polisi wapewe taarifa. Iandikieni pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwani sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka muiarifu mapema iwezekanavyo.

Wanachama waambieni wazi kilichoibwa ni nini, na kwamba SACCOS haitampigia mtu yeyote kumwomba namba ya siri. Wapige *106# waone laini zilizosajiliwa kwa NIDA zao. Ujumbe wa kitapeli wautume kwenda 15040. Wazee wengi hawasomi meseji, kwa hiyo pelekeni tangazo msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili hii. Kwenye mkutano wenu, mwenyekiti alisome mwenyewe. Sauti yake wanaijua.