Mchicha Umelala, Mchicha Umesimama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina meza ya mboga hapa Tandika. Mchicha nanunua alfajiri, ikifika saa nane mchana umeshalala. Natumbukiza mashina kwenye ndoo ya maji, nanyunyizia majani, jioni watu wakitoka kazini wanaukuta umesimama. Jirani yangu anauza vibua, naye anawamwagia maji kutwa, lakini wake wanazidi kulegea tu. Mwanangu wa kidato cha pili anasema eti mmea una ukuta wa seli, mnyama hana, basi. Wifi yangu nesi naye anasema mgonjwa hatundikiwi maji matupu, yatamuua. Haya mambo yanahusiana? — Mama Mchicha, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mama. Yanahusiana, na mwanao kapatia, ila kaishia njiani.

Kwanza tuwatoe vibua wa watu kwenye kesi hii. Kibua aliye mezani amekufa na seli zake zinaharibika, maji hayamrudishi. Mchicha wako umeng'olewa, lakini bado u hai. Tia mkono katikati ya kiroba kilichofungwa tangu alfajiri, utakuta joto. Mboga inapumua mle ndani. Mitokondria zake, zile sehemu za seli zinazochoma sukari kupata nguvu, hazijafunga kazi. (Miaka yangu yote ya ualimu nimesahihisha madaftari yanayosema mitokondria ni za wanyama tu. Juzi mjukuu wangu kaniletea kosa lilelile.)

Sasa maji. Kila seli, ya mchicha na yako wewe, imefunikwa na utando mwembamba sana. Maji yanapita, chumvi na sukari hazipiti ovyo. Na maji hufuata upande wenye chumvi na sukari nyingi zaidi. Kachumbari ukiiwahi kuitia chumvi, wageni wanafika kitunguu kimelegea na bakuli limejaa maji: yametoka ndani ya seli. Kwenye ndoo yako ni kinyume chake. Utamu na chumvichumvi viko ndani ya seli, nje kuna maji ya bomba, basi yanaingia. Yanakusanyika kwenye vakuoli, kifuko ambacho katika seli ya jani lililokomaa huchukua nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote, hadi kiini na kloroplasti (zile chembe za kijani) zinabanwa pembeni.

Mbona haipasuki? Chukua tyubu ya baiskeli, itoe kwenye tairi, ijaze upepo. Itavimba upande mmoja kama chura, halafu paa! Irudishe ndani ya tairi, jaza upepo uleule: inakaza, inabeba gunia la mkaa. Tyubu ni utando, tairi ni ule ukuta wa mwanao, uliofumwa kwa selulosi, kitu kilekile kinachojenga nyuzi za pamba. Mchicha hauna mifupa. Unasimama kwa sababu seli zake zimejaa na kukaza ndani ya kuta zake. Ukiupika, moto unaharibu tando zote, tyubu zimetoboka. Hapo hata uuloweke wiki nzima hausimami.

Seli zetu ni tyubu bila tairi. Wakati nafundisha nilikuwa naomba damu ya mbuzi kwa muuza nyama, naikoroga na kijiti isigande. Naweka matone machache kwenye glasi mbili: moja maji matupu, nyingine maji yenye chumvi ya mezani gramu 9 kwa lita. Nyuma yake nasimamisha gazeti. Glasi ya chumvi inabaki na ukungu mwekundu, husomi kitu. Ile ya maji matupu, muda si mrefu, inakuwa nyekundu inayoangaza kama sharubati iliyochujwa, na kichwa cha habari kinasomeka. Seli nyekundu zimepasuka, rangi imemwagika. Darasa linanyamaza, hata wale wa nyuma.

Wifi yako anaogopa jambo hilo kutokea ndani ya mshipa wa mtu. Gramu 9 kwa lita ndicho kipimo cha dripu ya chumvi; dripu nyingine hutiwa sukari, gramu 50 kwa lita. Maji ya kunywa hayana shida, maana hayaingii kwenye damu yote kwa mpigo.

Kwako wewe: weka meza kivulini na usisubiri saa nane. Mchicha uliokauka kupita kiasi tando zake zimekufa, na huo ndoo haiuokoi.

Na mwanao nina neno naye. Wengi huchora seli ya mmea kwa mstari mmoja wa nje, wakidhani ukuta umechukua nafasi ya utando. Mmea una vyote viwili. Achore mistari miwili, wa ndani aandike utando.