Kwa nini sista hakumkatalia daktari: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikichambua mchicha, nikaurudia baada ya chakula nisije nikakujibu juu juu. Baba yako hajambo, mguu umepungua uvimbe, anakusalimia sana.

Umesema mhadhiri wenu wa sosholojia amewafundisha kwamba wanawake hulelewa kutii, na mfano alioutoa ni wauguzi: daktari akisema, nesi anatenda. Ukaniuliza, "Mama, miaka yote uliyokaa wodini, uliwahi kumkatalia daktari? Au mlikuwa mnatii tu?" Mwishoni ukachomekea habari ya chai huko ofisini unakofanya mafunzo kwa vitendo. Hiyo ya chai nitaijia.

Nimewahi kukataa, tena si mara moja. Ila ungekuwepo pale usingejua kwamba nimekataa.

Kulikuwa na mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali, yuko siku ya pili ya dripu ya kwinini. Enzi hizo kwinini ndiyo ilikuwa tegemeo letu, na dozi ilikuwa miligramu 10 kwa kila kilo, kwa hiyo 120. Daktari, kijana aliyeunganisha zamu mpaka macho yamemwiva, akaandika 600 kwenye faili. Mia sita ni ampuli nzima, dozi ya mtu mzima. Unadhani nilimwambia, "Dokta, umekosea"? Thubutu! Nilimfuata na faili lake, nikasema, "Samahani dokta, naomba unisaidie hesabu. Huyu ana kilo 12, mimi napata 120, sijui nimepotea wapi." Akatazama, akakata 600, akaandika 120, akatia sahihi. Halafu akaniambia niwe makini zaidi na hesabu. Nikamshukuru.

Wanafunzi wa uuguzi wawili walikuwa wamesimama pembeni wanaangalia. Siku ile walijifunza dozi ya kwinini, na wakajifunza pia kwamba ukitaka kumwokoa mgonjwa lazima kwanza ujifanye mjinga.

Baadaye, kwenye kozi ya kujiendeleza, nilikutana na makala ya Leonard Stein, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliyoiandika mwaka 1967 kuhusu mchezo huu huu. Anasema muuguzi hutoa ushauri bila kuonekana anashauri, na daktari huuomba bila kuonekana anaomba, na sharti kuu ni kwamba wasigongane waziwazi. Nilicheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza kulikoni. Mtu wa mbali ameandika maneno ya wodini kwetu kama vile alikuwa amejificha nyuma ya kabati la dawa.

Kwa hiyo mhadhiri wako amesema kweli nusu. Nusu ya pili ipo kwenye utafiti wa daktari mwingine, Charles Hofling, uliotoka mwaka 1966. Muuguzi yuko zamu, simu inalia. Sauti inajitambulisha kuwa ni Dokta Smith, mtu asiyemjua, inamwagiza ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa inayoitwa Astroten. Kwenye boksi imeandikwa wazi kwamba mwisho kwa siku ni miligramu 10. Dawa yenyewe haimo kwenye orodha ya wodi, na amri ya simu hairuhusiwi. Daktari anasema atakuja kusaini baadaye. Kati ya wauguzi 22, 21 walikuwa njiani kumpa mgonjwa, mpaka walipozuiwa. (Dawa ilikuwa feki, usiogope.) Wauguzi wengine 12 na wanafunzi 21 waliulizwa tu kwa mdomo wangefanyaje, na 31 kati ya hao 33 wakasema wangekataa. Kwa mdomo sote ni mashujaa.

Usiishie hapo kwenye insha yako, maana wengi huishia hapo. Mwaka 1977 Steven Rank na Cardell Jacobson waliurudia, ila walitumia Valium, dawa ya kutuliza ambayo kila muuguzi anaijua, na wakawaacha wauguzi wawe huru kuulizana. Safari hii, kati ya 18, ni wawili tu waliokuwa tayari kuitoa dozi ile ya kupita kiasi. Wauguzi hawa nao wamelelewa kama wale wa kwanza. Kilichobadilika ni kwamba waliijua dawa, na walikuwa na mtu wa kumgeukia wakamwuliza, "Hivi hii umeionaje?"

Sasa yule Stanley Milgram mliyesomeshwa, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza utii. Alifanya majaribio yake Chuo Kikuu cha Yale kuanzia mwaka 1961. Mtu anaambiwa ampige mwenzake shoti ya umeme kila anapokosea jibu, akianzia volti 15 na kupanda mpaka 450, huku mwenye koti la maabara akimwambia aendelee. Umeme haukuwepo, lakini mpigaji hakujua. Wanaume 40 walipojaribiwa, 26 walifika mwisho. Baadaye Milgram akaleta wanawake 40. Waliofika mwisho? Ishirini na sita. Wanawake walieleza kwamba waliumia zaidi rohoni, lakini idadi ni ile ile. Kama kutii kungekuwa hulka ya kike, hapo pangekuwa mahali pa kuonekana. Na alipowaweka wengine wawili aliopatana nao kwa siri, wakae na huyo mpigaji halafu wagome mbele ya macho yake, waliofika mwisho walishuka wakawa wanne kati ya 40.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nililiona haraka kwa sababu ya kazi yangu. Milgram alipomtoa yule wa koti chumbani, amri ikawa inakuja kwa simu, utii ulishuka sana, ukawa karibu mmoja kati ya watano. Kwa Hofling simu ilitosha kabisa. Kwa nini? Mimi naona hivi: yule wa Yale alikuja mara moja, hela yake dola nne na nusu ameshapewa tangu mlangoni, akitoka anarudi zake nyumbani. Nesi kesho yuko na madaktari wale wale. Wao ndio wanaosikilizwa akitakiwa kupandishwa cheo, na ndio watakaoaminiwa akishtakiwa kwa uzembe. Ana watoto wa shule. Huko ndiko utii unakokaa, mwanangu, kwenye nani anaweza kumfanya nini nani kesho asubuhi. Malezi yanasaidia, sikatai, nimelelewa na bibi yako unamjua. Lakini malezi bila mshahara nyuma yake hayana nguvu hiyo yote.

Na tusijifanye sisi wauguzi tulikuwa chini kabisa. Chini yetu alikuwepo mhudumu wa wodi, mama anayepiga deki na kumwaga mabakuli. Tulikuwa na mmoja mwenye jicho kuliko sisi sote. Akimwona mgonjwa anabadilika, haji kusema, "Huyu hali yake mbaya." Anasimama na fagio lake: "Sista, yule wa dirishani leo hata uji hajagusa. Labda ndiyo alivyo." Halafu anaondoka. Unakwenda, unakuta mtu anapumua kwa shida. Tulimchezea daktari, naye mhudumu akatuchezea sisi, kwa kanuni zile zile. Sisi na yeye wote wanawake. Kilichotutenga ni cheti, na rangi ya gauni. Kwenye kikao cha wodi cha asubuhi hakuna aliyewahi kumwuliza alichokiona usiku. Mhadhiri wako akisema jinsia, mwulize na huyu amweke wapi.

Jinsia yenyewe ipo, tena ilikuwa inatuchekesha. Mwanafunzi wa kiume wa uuguzi, mwaka wa kwanza, hajui hata kutandika kitanda, wagonjwa wanamwita "dokta". Daktari bingwa mwanamke anapita na kipimo shingoni, wanamwita, "Nesi, naomba maji." Ukipanda juu ndiyo usiseme. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019: wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani, lakini kwenye vyeo vya juu ni asilimia 25. Wengi tuko kwenye kupokea amri, ndiyo maana mtu akitazama haraka anaona kama kupokea amri ni tabia yetu.

Haya, chai. Umesema mko watatu kwenye mafunzo, wasichana wawili na mvulana mmoja. Nyie wawili mnatumwa chai na vitafunwa, yeye anaingia vikaoni na daftari. Unataka kujua ukatae au ukae kimya umalize wiki zako upate barua yako. Peke yako usigome. Wanakusaini wao, na mtu mmoja akigoma anaitwa mjeuri, habari imekwisha. Ongea kwanza na msichana mwenzako, halafu mwende wote wawili kwa huyo kijana. Anaonekana muungwana kwa ulivyomweleza, pengine hajaliona tu. Akishakubali, mwende watatu kwa msimamizi, na msimpelekee malalamiko. Mpelekeeni ratiba iliyokwisha kuandikwa, ya chai na ya vikao pamoja, ili kazi yake iwe kusema sawa tu. Mkiombwa sababu, mwacheni kijana ndiye aseme. Najua unavyoona, ni mchezo ule ule wa kwinini, na utanicheka. Cheka, lakini ratiba muibandike jikoni, na Jumatatu liwe jina lake.

Mama yako