Maswali na Majibu: Tope Jeusi, Oili Chafu na Wala Mafuta Wasiohitaji Hewa

Nakaa Upanga, karibu na Mto Msimbazi unapoingia baharini. Maji yakikupwa, tope ni jeusi na linanuka mayai viza. Jirani anasema humo kuna vijidudu wanaokula mafuta. Watakulaje na hewa haimo?

Jirani yako hajakosea. Sisi tunavuta oksijeni ili elektroni za chakula zipate pa kwenda. Bakteria wa topeni huzipeleka kwingine: kwenye naitreti, kwenye kutu ya chuma, au kwenye salfeti, ambayo bahari huileta kila maji yanapojaa. Wanaotumia salfeti hutoa haidrojeni salfaidi. Ndiyo hiyo harufu yako, na ikikutana na chuma hufanya ule weusi.

Kasheshe ni pete ya benzeni iliyomo kwenye mafuta, kaboni 6 zilizoshikana kisawasawa. Kemikali zenye pete hiyo huitwa aromatiki. Penye hewa, bakteria huigeuza oksijeni yenyewe kuwa shoka. Pasipo hewa, kwanza huibandika pete kitu kingine: tolueni, iliyomo kwenye tina nyingi za kuzimulia rangi, hubandikwa fumareti (molekuli ndogo ya ndani ya seli), fenoli hubandikwa kaboni dioksidi. Njia ni nyingi, ila nyingi kati yake huishia kwenye kemikali moja, benzoili-KoA, kama mabasi ya Mbagala na Kimara yanavyokutana Kariakoo. Hapo pete husukumiwa elektroni kwa nguvu hadi ilegee, kisha hupasuliwa kwa maji. Bakteria Thauera aromatica hulipia kazi hiyo ATP 2 (ATP ni sarafu ya nishati ya seli) kwa kila jozi ya elektroni. Geobacter metallireducens hailipi hata moja. Kimeng'enya chake kina tangsteni, metali ya ule waya wa globu za zamani. Huyu ndiye anayenivutia zaidi.

Nina gereji Ilala. Basi nikifukia oili chafu shimoni, si wataimaliza?

Usithubutu. Bila hewa wanapata nishati kiduchu, kwa hiyo kazi ni ya miezi na miaka. Benzeni tupu, isiyo na tawi la kushikia, ni sugu kuliko tolueni. Tena oili iliyotumika imebeba chembe za metali kutoka kwenye injini, na metali hailiki. Masika yakianza, uchafu wako unaweza kufika kisimani kwa jirani hao bakteria wakiwa bado wanajipanga. Weka kwenye dumu lenye mfuniko, mpe mkusanyaji mwenye kibali.

"Aromatiki" maana yake inanukia?

Jina lilitokana na harufu, ndiyo. Tangu mkemia Kekulé alipopendekeza umbo la pete mwaka 1865, wakemia wanaangalia umbo. Zipo aromatiki zisizonuka kabisa.

Shimo la choo linanuka. Nimwage dawa kali ya kuulia vijidudu?

Utaua walewale wanaokufanyia kazi. Dawa nyingi za aina hiyo zina fenoli au ndugu zake. Fenoli kidogo bakteria wa shimoni wanaiweza, wakisaidiana hadi itoke methani. Galoni zima litawamaliza. Kagua kwanza bomba la kutolea hewa, huenda limeziba.