Kabla ya kwenda kufundisha VBS kwenye vijiji vya Mataifa ya Kwanza, Kanada

Kama unaishi Kanada na unasali na ndugu zetu wa Kongo, Burundi au Kenya, huenda umeshaulizwa kama ungependa kujiunga na timu inayokwenda kuendesha VBS, ile shule ya Biblia ya likizo, katika kijiji cha Mataifa ya Kwanza (First Nations), yaani wenyeji wa asili wa Kanada, huko kaskazini. Kazi ni ya wiki moja ya Julai au Agosti: nyimbo, hadithi ya Biblia, kazi za mikono, michezo na chakula. Ukisikia hivyo unaona ni kama VBS ya kwenu. Ina tofauti mbili kubwa. Ya kwanza ni historia ya kanisa na watoto wa huko, ya pili ni umbali wa mahali penyewe. Timu inayopuuza ya kwanza hufungiwa mlango, na inayopuuza ya pili hufika bila chakula.

Bila historia hutaelewa kwa nini bibi wa mtoto anasimama mlangoni mpaka kipindi kiishe. Kwa zaidi ya miaka 100, serikali ya Kanada pamoja na makanisa, yakiwemo Katoliki, Anglikana, Presbyterian na United Church, waliendesha shule za bweni kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili. Watoto wapatao 150,000 walipitia humo, wengi wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Walikatwa nywele, wakaadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao, wengi walidhulumiwa, na maelfu hawakurudi nyumbani. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990 tu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2015 ikiwa na miito 94 ya kuchukua hatua, na baadhi inayaelekea makanisa moja kwa moja. Papa Fransisko alikwenda Maskwacis, Alberta, Julai 2022 kuomba msamaha. Sasa fikiria: bibi mwenye miaka 65 leo yawezekana kabisa alikuwa mwanafunzi wa shule hizo, na wewe unafika ukiwa na Biblia mkononi na karatasi ya kuandikisha wajukuu wake. Mruhusu akae ndani muda wote, mpe kiti na chai. Usimweleze kwamba wewe ni mwema. Ataona mwenyewe, ama hataona.

Usidhani pia kwamba unawapelekea injili watu wasioijua. Maandishi ya silabi ya Kikrii, lugha ya Wakrii ambao ni mojawapo ya mataifa hayo, yalianza kuchapwa Norway House, Manitoba, mwaka 1840, na vitabu vya nyimbo kwa maandishi hayo bado vinashikwa na wazee makanisani. Kaskazini mwa Ontario na Manitoba kuna dayosisi ya Kianglikana ya wenyeji wenyewe, Mishamikoweesh, iliyoundwa mwaka 2014, na askofu wake wa kwanza alikuwa Lydia Mamakwa. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: nani ametualika? Mwaliko unaofaa una miguu miwili, kanisa la pale kijijini na Chifu na baraza lake. Ukiwa na mmoja tu, subiri. Mchungaji anaweza kufurahi mkija huku baraza halina habari, na ukumbi, malazi na ruhusa ya kuingia viko mikononi mwa baraza.

Matayarisho yanaanza Januari. Wengi hushangaa, lakini sababu ni barabara. Vijiji vingi vya kaskazini havina barabara ya kudumu. Kuna barabara ya barafu inayopita juu ya maziwa yaliyoganda kwa wiki chache kati ya Januari na Machi, na baada ya hapo ni ndege ndogo tu. Unga, mchele, maziwa ya unga, sukari, karatasi, rangi, gundi na mipira vipite barabara hiyo, vikatunzwe kanisani au shuleni kwa makubaliano na wenyeji. Kitakachobaki cha kupanda ndege ni matunda, dawa na nguo zenu. Kumbuka ndege ndogo hupima mzigo kwa kilo, na mzigo ukizidi, sanduku lenu ndilo linaloachwa likisubiri safari nyingine.

Fanya hesabu mapema. Tuseme watoto ni 40 kwa siku 5. Mkate wa kawaida wa vipande 20 unatoa sandwichi 10. Mtoto mmoja anakula moja na nusu, basi ni sandwichi 60, yaani mikate 6 kwa siku na 30 kwa wiki. Tufaha 40 zina uzito wa kama kilo 7, kwa hiyo wiki nzima ni kilo 35 za tufaha peke yake. Ukiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini tunashauri kumwajiri mama wa pale apike mkate wao wa unga, bannock, kwa unga uliokwisha kufika wakati wa barafu. Mlipe, na mkubaliane malipo kabla hamjafika. Usipange kununua kila kitu dukani kijijini. Bei ni kubwa sana, na mkinunua maziwa yote ya rafu moja mmewanyang'anya watoto wachanga wa pale mpaka ndege ijayo.

Uliza habari za maji kwa maneno ya wazi: je, kuna tangazo la kuchemsha maji? Kijiji cha Neskantaga, Ontario, kimeishi chini ya tangazo la namna hiyo tangu 1995. Kama lipo, maji ya kunywa, ya juisi na ya kusukutua meno yachemke kwa nguvu angalau dakika moja. Kinachowashinda watu wengi ni kuyapoza. Chemsha jioni, funika, yaache yalale, asubuhi mimina kwenye madumu safi yenye bomba. Weka lita moja kwa kila mtoto siku ya joto.

Ukaguzi wa polisi kwa wanaofanya kazi na watoto uombwe Februari au Machi. Huu si ule wa kawaida wa kuombea kazi. Mfumo hulinganisha jinsia na tarehe yako ya kuzaliwa na rekodi za watu waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya ngono na baadaye wakasamehewa, na vikilingana na vya mmoja wao utatakiwa kutoa alama za vidole. Haina maana kwamba unashukiwa. Ndugu zetu wengi waliopita kambi za wakimbizi waliandikishwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na kwa kuwa tarehe hiyo ni ya watu wengi, kulingana hutokea kwa urahisi zaidi. Alama za vidole zinaweza kuongeza wiki kadhaa. Tafadhali usiruhusu kiongozi aseme "huyu tunamfahamu, aje tu." Asiye na cheti abaki nyumbani, hata awe mwimbaji bora wa timu.

Kabla ya kupanga tarehe, uliza pia siku za mkataba ni lini. Ni siku ambazo wawakilishi wa serikali hufika kulipa malipo ya mwaka yaliyowekwa na mikataba ya zamani kati ya Mataifa ya Kwanza na ufalme, dola 5 kwa mtu chini ya Mkataba wa 5, na sehemu nyingi hugeuka sikukuu ya kijiji yenye michezo na mashindano. Norway House wana yao mwanzoni mwa Agosti, na mashindano ya mashua za York, mashua za kizamani za mbao na makasia. Ukiweka VBS wiki hiyo utakaa na viti vitupu, na utakuwa umejitakia.

Mkiwa mmefika, msianze saa tatu asubuhi. Julai huko jua linazama karibu saa nne usiku, watoto hucheza nje mpaka usiku, na asubuhi wamelala. Anzeni saa saba mchana kwa chakula, mmalize saa kumi. Chakula kikitangulia, watoto hutulia. Tangazo lipite kwenye redio ya kijiji na kundi la Facebook la kijiji, maana karatasi mlangoni hazisomwi na mtu. Siku ya kwanza wanaweza kuja 15, ya tatu wakawa 50. Kila mkubwa atakuja na mdogo wake wa miaka miwili aliyeachiwa kumlea, na ukimrudisha mdogo umewarudisha wote wawili. Tengeni kona ya wadogo yenye mkeka, matofali ya kuchezea na watu wazima wawili wasio na kazi nyingine.

Kwa watoto 40 tunaona watu wazima 12 ndio wanaotosha, wawili kwa kila kundi la watoto 10, na waliobaki jikoni, mlangoni na kwenye kona ya wadogo. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, iwe chooni, garini au kwenye chumba cha vifaa. Zaidi ya hao, ajirini vijana 4 au 5 wa pale wenye miaka 15 na kuendelea. Hawa wanajua mtoto yupi analelewa na nani, nani hapatani na nani, na mbwa yupi wa kijijini anauma. Wapeni kazi za kweli, kama kuongoza michezo na kusoma Biblia, wasiwe wa kubeba viti tu.

Kuhusu mafundisho, maoni yetu ni thabiti. Achana na hadithi ya Yoshua kuiteka Kanaani. Watu walioporwa ardhi na wale waliodai kutumwa na Mungu husikia hadithi hiyo wakiwa upande wa Wakanaani. Chukua Yesu na wavuvi ziwani, kutuliza dhoruba, mikate mitano na samaki wawili, mchungaji na kondoo wake. Watoto wa huko wanajua nyavu na mashua kuliko mwalimu wao, na watakusahihisha ukisimulia vibaya. Kazi za mikono zisiwe za kuiga mila zao, kama manyoya ya kichwani au ngoma za karatasi. Na usiandae kadi ya "kwa mama na baba." Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba watoto wa wenyeji wa asili ni asilimia 53.8 ya watoto wa chini ya miaka 15 walio kwenye nyumba za malezi nchini, ingawa ni asilimia 7.7 tu ya watoto wote wa umri huo. Sema "mpelekee mtu anayekupenda," na kila mtoto atakuwa na wa kumpelekea.

Ukiona mvulana mwenye nywele ndefu zilizosukwa, usiziguse wala kuzizungumzia. Sisi tuliokua kwenye shule za kunyoa vipara tunaweza kuropoka bila nia mbaya, na neno hilo likagusa kidonda cha ukoo mzima. Watoto wenyewe lakini wataomba kushika nywele zako, na utajibu upendavyo.

Michezo ya kwetu inapokelewa vizuri. Rede inahitaji mpira laini mmoja, chupa ya plastiki na mchanga. Wawili wanasimama, mmoja kila upande, wakirusha mpira, wa katikati anakwepa huku akijaza chupa. Inachezwa na wa miaka 6 na wa miaka 14 pamoja, na haihitaji Kiingereza. Kuruka kamba vilevile. Mashindano ya alama na zawadi ya kukariri aya yapunguzwe, maana anayeshindwa siku mbili mfululizo ya tatu haji.

Picha: msipige nyuso za watoto. Kama mlezi ametia sahihi na baraza limekubali, basi ni kwa matumizi waliyokubali tu. Picha ya "watoto maskini tuliowasaidia" ikifika Facebook, inaonekana kijijini jioni ileile.

Mtoto akikueleza kwamba anaumizwa, msikilize, usimhoji, na usimwahidi kuitunza siri. Sheria ya kila mkoa inakutaka wewe uliyesikia utoe taarifa kwa ofisi ya ustawi wa watoto. Kumwambia kiongozi wa timu hakutoshi. Namba ya ofisi inayohudumia kijiji hicho iandikwe kwenye kadi ya kila mmoja kabla ya safari. Akitaja kutaka kujiua, usimwache peke yake, mwite mtu wa afya wa kijiji, na namba ya 988 inapokea simu na ujumbe saa 24 nchi nzima. Hope for Wellness, 1-855-242-3310, ni simu ya msaada ya wenyeji wa asili.

Mipango itavurugika, na chanzo cha kwanza ni msiba. Akifa mtu, kijiji husimama, na ukumbi wenu ndio utakaotumika. Funga programu bila kunung'unika, uliza jikoni kunahitajika mikono mingapi, na peleka unga uliobaki. Kuosha vyombo kwa siku mbili ni huduma kamili. Chanzo cha pili ni moshi wa moto wa misitu. Mei 2025 Manitoba ilitangaza hali ya dharura na vijiji kadhaa vya Mataifa ya Kwanza vikahamishwa. Moshi ukizidi, watoto wawe ndani, madirisha yafungwe, michezo ya kukimbia isimame. Agizo la kuhama likitoka, viti vya kwanza vya ndege ni vya wagonjwa, wazee na wenye watoto wachanga, kwa hiyo muwe na chakula cha siku 3 za ziada kisichotegemea duka. Vijiji vingi pia vimepiga marufuku pombe na mizigo hukaguliwa uwanja wa ndege, basi kila mmoja apekue begi lake nyumbani.

Siku ya mwisho watoto watauliza kama mtarudi. Jibu lenye tarehe litolewe tu kama baraza limeshaikubali. Vinginevyo sema, "tumeomba kurudi, tunasubiri jibu." Afadhali timu ya watu 6 inayorudi kijiji kilekile miaka mitano kuliko ya watu 20 inayobadilisha kijiji kila kiangazi.

Vifaa vilivyobaki kabidhini kwa maandishi kwa mwalimu wa shule ya Jumapili wa pale, pamoja na orodha ya vilivyokwisha. Mkirudi mjini, andikeni kurasa mbili: watoto wangapi walikuja kila siku, fedha zilitumikaje, nini kilikwama, mnaomba nini kwa mwaka ujao. Nakala ya kwanza iende kwa Chifu na baraza na kwa kanisa lililowaalika, na wapewe wiki mbili za kusahihisha, ndipo isomwe kanisani kwenu au iwekwe kwenye kundi la WhatsApp.