Cape Coast na Elmina kwa siku moja: mimi nilijaribu

Mkuu, umesema utakuwa Accra, Ghana, siku nne kikazi na unataka Jumamosi moja uzione ngome zote mbili za watumwa, Cape Coast na Elmina, halafu urudi kulala. Inawezekana. Accra hadi Cape Coast ni kilomita kama 150, na Elmina iko hapo mbele tu. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na leo nikipewa nafasi tena nachagua moja.

Nilipanda gari Kaneshie, kituo cha magari cha Accra, alfajiri nikaanza na Cape Coast. Kinachokuvuruga kwanza ni kwamba pale ni pazuri. Kuta nyeupe, mizinga imepangwa ikitazama bahari, upepo mwanana. Usiyejua kitu ungeulizia bei ya chumba. Halafu mwongozaji anakuteremsha kwenye mahandaki ya wanaume. Sakafu ina mteremko, mwanga unapenya kwenye matundu madogo huko juu. Akazima taa, tukakaa kimya. Alipowasha akatuambia tulichokuwa tumekanyaga si udongo, ni uchafu wa miili ya watu ulioshindiliana miaka na miaka. Sehemu ndogo imechimbwa, sakafu yenyewe inaonekana chini.

Ukitoka pale unaoneshwa kanisa lilikokuwa: juu ya handaki hilo hilo. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, na Mkunazini kule Unguja nimefika mara nyingi. Lakini Mkunazini kanisa lilijengwa baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Hapa ibada iliendelea na biashara inaendelea, sakafu moja tu katikati. Na uani kuna kaburi la kasisi Philip Quaque, mzaliwa wa hapo hapo Cape Coast, aliyepelekwa Uingereza akiwa mtoto na kurudi mwaka 1766 akiwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri wa Kianglikana. Alihudumu ndani ya ngome ile hadi alipofariki mwaka 1816. Mimi nilibaki pale kaburini mpaka kundi likaniacha. Alikuwa akihubiri nini, jamani?

Kundi letu lilikuwa na Wamarekani Weusi wengi. Kwenye handaki la wanawake bibi mmoja aliegemea ukuta akalia, na mimi simu iko mkononi. Niliona aibu. Simu itie mfukoni mapema. Na usiogope kuuliza nani aliwaleta watu pale. Mwongozaji wetu hakukwepa: alieleza vita vya bara, wafalme na madalali, bunduki na vitambaa. Sisi wa pwani ya huku misafara ya namna hiyo tunaijua.

Mlango wa Kutorudi, ule waliotolewa nao watumwa kwenda melini, nao nilidhani ukifunguliwa utakutana na kimya. Wapi! Kelele tupu: wavuvi, nyavu, mitumbwi ya rangi, watoto wanaoga. Ukigeuka, upande wa nje pameandikwa Mlango wa Kurudi. Mwaka 1998 mabaki ya watumwa wawili, mmoja wa Jamaika na mmoja wa Marekani, yalirudishwa yakapitishwa hapo.

Elmina nilifika alasiri, kichwa kimeshajaa. Wareno waliijenga mwaka 1482, Waholanzi wakaiteka mwaka 1637 baada ya kupandisha mizinga kwenye kilima cha jirani. Niliviona vyote, roshani ya gavana juu ya ua wa wanawake ikiwemo, ambako alisimama kuchagua wa kupelekewa chumbani. Lakini nilikuwa nasikiliza kama redio ya jirani, jicho kwenye saa nisikose gari. Hilo linaniuma mpaka leo. Kama unaweza, ondoka Ijumaa jioni ulale Cape Coast. Kama huwezi, Elmina iache.

Ukiamua kwenda bado, jihadhari na vijana wa nje ya ngome. Watakuuliza jina kwa upole sana wakati unaingia. Ukitoka, kombe la baharini limeshaandikwa jina lako na bei unatajiwa. Langu waliliandika vibaya, na nilinunua.